Panya yupi anaiweza nyumba yako? Shangazi anajibu barua zenu

Toleo lililopita niligusia tu, tena mistari miwili, kwamba Jumamosi zangu naishia kwenye kituo kimoja huku Midlands, Uingereza, tunapokea panya wa kufuga waliokosa kwao na kuwatafutia familia mpya. Basi barua zikamiminika! Wengine mmeshangaa kumbe panya anafugwa, wengine kumbe mnao ndani na mmekwama. Naongelea wale wa kufuga kabisa ambao vizazi na vizazi wamezaliwa mikononi mwa watu, huku Uingereza walishaanza kuonyeshwa kwenye mashindano tangu 1901, sio yule wa darini anayetafuna gunia la mchele. Nimechukua barua sita, nyingine nimezifupisha kidogo mnisamehe.

*Shangazi shikamoo. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 10. Tumechukua panya wawili majike, wana miezi miwili, wazuri jamani, mwili mweupe kichwa cheusi. Shida hawatulii hata dakika. Mdogo anataka kumpakata waangalie wote katuni, panya anapanda begani anaruka anaingia nyuma ya kochi, mtoto analia, kila jioni ni kilio. Dada yangu anasema tuwarudishe tuchukue wengine. Tumekosea wapi? — Mama Wawili, Leicester*

Marahaba mwanangu. Panya wako hawana kosa lolote na watoto wako pia hawana kosa, kilichotokea ni kwamba mlichagua kwa rangi, na hapo lawama kubwa ni yetu sisi tunaowapa watu panya, maana mtu anakuja tunamwacha asimame mbele ya keji aseme "huyo mwenye kichwa cheusi" na sisi tunaandika fomu.

Jike mdogo ana shughuli zake. Anapanga, anabeba, anahamisha vitambaa, anakagua kila kona, akishaimaliza anaanza upya. Kumwambia akae mapajani nusu saa ni kama kumwambia mtoto wa miaka mitatu akae msikitini au kanisani mpaka mwisho bila kugeuka. Dume ndo mara nyingi mtu wa kupakatwa, hasa akishapita mwaka, anakuwa mzito, nusu kilo na zaidi, wakati jike wengi wako kati ya gramu 250 na 450, na huo uzito unaendana na tabia, dume mkubwa ukimweka kifuani anajimwaga kama unga wa chapati uliolainika. Nimeona majike wavivu pia na nimeona madume wenye moto, kwahiyo usiishike kama sheria, ila ukiniuliza nikisie bila kumwona panya ndio nitakisia hivo.

Kurudisha sio lazima bado. Jaribu kubadilisha mchezo kwanza. Funga mlango wa bafu, funika choo, ziba kila upenyo, tandika taulo sakafuni, weka maboksi na karatasi za kuchana, alafu watoto wakae chini na panya waachiwe. Panya waje kwao, sio wao wamkimbize panya. Yule mkubwa wa miaka 10 mfundishe kumtekenya taratibu shingoni kwa nyuma kama panya wenzake wanavochezeana. Kuna mwanasayansi wa Marekani, Jaak Panksepp, miaka ya tisini mwishoni yeye na wenzake waliwatekenya panya wadogo wakarekodi sauti zao, wakakuta wanatoa mlio wa furaha wa kama kilohezi 50, sikio la mtu linaishia kwenye 20 hivi kwahiyo hatuusikii kabisa, lakini utaona panya anaukimbilia mkono urudie. Mtoto akishajua kwamba mwenzie anacheka hata kama hasikii, kile kilio cha jioni kitapungua, naamini hivo kwa sababu nimeliona kwa watoto wengi pale kituoni.

Na siku mkitaka kuongeza panya wengine, au msomaji mwingine yeyote mwenye watoto, nieleze navyofanya mimi. Naingiza mkono kwenye keji nauacha tu umelala, dakika tano, siongei sana. Yule wa kwanza kuja mbio, anapanda mpaka kiwiko, watu wote wanampenda huyo, wanasema huyu kanichagua. Mi kwa nyumba yenye watoto namtafuta yule wa pili, anayekuja taratibu, ananusa, anarudi nyuma kidogo, anakuja tena alafu anabaki. Huyo wa kwanza mara nyingi ndo atakayekuwa nyuma ya kochi kesho. Alafu naangusha funguo sakafuni. Wote watashtuka, hilo sio neno, nachotazama ni anachukua muda gani kurudi kwenye hali yake. Akigeuka akaendelea kula baada ya sekunde kumi, huyo anaiweza nyumba yenye mlango unaogongwa na mtoto anayepiga kelele. Akibaki ameganda kwenye kona dakika nzima, huyo mpeleke nyumba tulivu, usimlazimishe na usimpe jina la mwoga, kelele zile kwake ni nyingi tu.

Watoto wanawe mikono kabla na baada, wasimbusu mdomoni, na wote walio chini ya miaka mitano madaktari wanashauri wasishike panya wala panya wasiwepo karibu nao, nashukuru wako wameshavuka huo umri.

*Shangazi habari. Niko Minneapolis, naishi mwenyewe apatimenti ndogo, nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, narudi saa moja asubuhi nalala mpaka mchana. Upweke huku ni mwingi asikwambie mtu. Nataka panya mmoja tu, awe rafiki yangu, wawili siwezi. Unashauri wa aina gani? — Kijana wa Nyamagana*

Salama mwanangu, pole na upweke na hongera kwa kazi hiyo ya wazee. Panya mmoja sikupi. Nakupenda lakini sikupi. Panya anaishi kwa kundi, analala juu ya mwenzie, anachanwa manyoya na mwenzie, na wewe hata ukimpa masaa matatu kila siku bado masaa 21 yuko peke yake, sasa upweke wako ukiutibu kwa kumtwika kiumbe mwingine upweke kama ule ule itakuwa imefaa nini. Wawili hawali nafasi mara mbili, keji inayomtosha mmoja vizuri kwa kawaida inawatosha wawili, chakula kinaongezeka kidogo, kazi ya kusafisha ni ile ile.

Habari nzuri ni kwamba ratiba yako inawafaa kuliko ya watu wengi. Panya wanachangamka magharibi, usiku na alfajiri. We ukiamka mchana ukapika ukakaa nao jioni kabla ya kazi, na ukirudi asubuhi bado wako macho wanakusubiri langoni. Watafute madume wawili ndugu, watu wazima, mwaka na nusu hivi, vituo vingi wanakaa muda mrefu kwa sababu kila mtu anataka vitoto. Wanajua mikono ya watu, hawana haraka, watalala kwenye hudi yako ukiwa unaangalia mpira. Nikwambie ukweli wake pia: panya anaishi miaka miwili mpaka mitatu tu, kwahiyo hao utakaa nao nusu mwaka mpaka mwaka na nusu hivi, na madume wazee mara nyingi miguu ya nyuma inalegea, keji uiweke chini chini isiwe ya ghorofa nyingi, maji na chakula viwe wanapofika bila kupanda. We unalea wazee kila usiku, hayo unayajua kuliko mimi. Na umtafute mapema daktari anayejua wanyama wadogo, sio kila kliniki ya mbwa na paka inawaweza.

*Tumehamia Calgary mwezi jana kutoka Nairobi, binti yangu wa miaka 12 alikuwa ameahidiwa panya wawili wa kufuga tukifika. Niko na keji tayari, nimeitoa kwa jirani. Nitafute wapi wale wapole? — Baba Binti*

Baba Binti, usitafute. Alberta, jimbo la Kanada ilipo hiyo Calgary yenu, kote ni marufuku mtu binafsi kufuga panya, hata wale weupe wapole wa kufuga. Jimbo hilo limepigana na panya tangu miaka ya hamsini na linajivunia kuwa halina panya, wanaoruhusiwa ni taasisi kama zoo, vyuo na maabara za utafiti. Najua umemuahidi mtoto na keji ishafika, ila mwambie tu ukweli mapema, mkae naye muangalie mnyama mwingine anayependa kuishi kwa kundi na kushikwa taratibu, na kabla hujanunua chochote piga simu manispaa uulize.

*Shangazi as-salaam alaykum. Mama mkwe wangu anakuja kutoka Mombasa kukaa na sisi Bristol miezi mitatu. Binti yangu ana panya watatu, wako sebuleni, ni majike wapole na amewalea tangu wadogo. Mama akiona panya hata kwa tivii anapandisha miguu juu ya kiti, na ni mtu wa swala tano. Mume wangu anasema tuwape watu kabla hajafika. Binti yangu hali, analia tu. Nifanye nini? — Mwana wa Likoni*

Wa alaykumu s-salaam mwanangu. Mimi nikipeleka panya nyumbani kwa mtu huwa nauliza swali moja ambalo watu wanalisahau: nani mwingine anaingia humu ndani? Sio nani anaishi, nani anaingia. Bibi anayekuja miezi mitatu ni mwenye nyumba kwa miezi mitatu, kwetu ndo hivo na ndivyo inavyopaswa, kwahiyo panya ndo wampishe mama, mama asiwapishe panya.

Ila kuwapisha sio kuwafukuza. Hao majike watatu wameshamzoea binti yako harufu na sauti, kuwahamisha moja kwa moja kwa watu wengine kwa ajili ya miezi mitatu ni kuwavuruga bure, na kwa kiumbe anayeishi miaka miwili mitatu hiyo miezi mitatu sio kitu kidogo. Hamishieni keji chumbani kwa binti, mbali na jiko na mbali kabisa na pale mama atakaposwalia. Mlango ufungwe kila wakati. Usafishaji wa vitambaa uwe kila siku mbili, harufu isitoke. Wahamishe sasa hivi, sio siku mama anatua, wapate wiki mbili za kuzoea chumba kabla nyumba haijajaa wageni na mazungumzo. Na mama aambiwe kabla ya safari, na mwanawe mwenyewe ndo ampigie, sio wewe. Asije akakutana nao kwa bahati mbaya saa nane usiku anatafuta choo.

Upande wa dini mimi sio wa kutoa fatwa, muulizeni sheikh wenu, mumweleze vizuri kwamba hawa ni wa kufugwa, wanakaa kwenye keji, wapi na vipi, na atakalosema mlifuate kwa moyo mmoja.

Mama akishapumzika na safari, binti amkalishe amsimulie habari za Magawa. Huyu alikuwa panya buku, aina nyingine kabisa na hawa wa Bristol, mkubwa zaidi, alizaliwa Tanzania akafundishwa na shirika la APOPO lililopo Morogoro pale Chuo cha Sokoine, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini. Alinusa mabomu na vilipuzi zaidi ya mia moja, na 2020 shirika la kutibu wanyama la PDSA la hapa hapa Uingereza likampa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu 2021 akafa Januari 2022. Wenzake Morogoro wananusa makohozi kusaidia kugundua kifua kikuu. Simwambii mama awapende, ila bibi akisikia mjukuu anasimulia kitu kwa Kiswahili kizuri namna hiyo kuhusu Afrika Mashariki, miguu inaweza kushuka kutoka kwenye kiti. Mume wako mwambie nimemwamkia.

*Shangazi, mwanangu kamkamata panya mdogo stoo, kamtia kwenye ndoo anampa ugali, anasema ndo wa kufuga. Tunaweza kumzoesha? — Baba Juma, Mbagala*

Hapana, na leo hii hii. Panya wa stoo anaweza kubeba leptospirosisi na magonjwa mengine kupitia mkojo na kung'ata, na hofu yake kwa binadamu haitoki kwa ugali. Mtoto aoge, nguo zifuliwe, ndoo ioshwe kwa dawa, na kama ameng'atwa aende hospitali hata kama ni kidonda kidogo, amwambie daktari kwamba ni panya. Huyo kijana wako lakini ana moyo, mpe sungura au njiwa wa kulea.

*Shangazi naandika nikiwa na aibu. Miezi miwili iliyopita nilichukua madume wawili, ndugu, wana miezi minane. Mmoja ni wa kijivu hana neno. Mwingine mweupe macho mekundu, walipomtoa waliniambia ni mpole kabisa. Amening'ata mara tatu, moja mpaka nimeshonwa. Na sasa usiku anamkimbiza mwenzie, nasikia makelele. Nina mtoto wa miaka 8, simruhusu tena kusogea. Nataka kumrudisha lakini nalala naota namtupa. Mimi ni mtu mbaya? — Asiyelala, Birmingham*

Mwanangu Asiyelala, pole sana, na pole ya mkono. Sio mtu mbaya. Mtu mbaya asingeandika.

Tuanze na ninayotaka kuyajua, ujiulize mwenyewe. Amekung'ata kupitia nyavu za keji au ndani? Kupitia nyavu mara nyingi ni chakula, kama mnawapitishia vipande hapo basi kila kidole kinachopita anakidhania karoti, acheni leo. Ndani je, mkono ulitoka juu au pembeni? Hawa weupe wenye macho mekundu hawaoni vizuri, utamkuta anayumbisha kichwa kushoto kulia, ndo anapima umbali huyo, sasa mkono ukimshukia kutoka juu bila sauti kwake ni mwewe. Ongea kwanza, kila siku neno lile lile, alafu mkono upite chini pembeni, unawe usinuke kuku. Na mng'ato wenyewe, alibana akaachia au alizamisha akang'ang'ania? Kubana na kuachia ni kuuliza. Huo wa kushonwa sio wa kuuliza.

Kwa umri wa miezi minane, dume, anamkimbiza ndugu yake, na kama unamwona manyoya yamemsimama, anatembea ubavu ubavu, anapumua kwa kishindo, mimi hapo nafikiria homoni kabla sijafikiria tabia. Inawapata madume wengine hasa kuanzia nusu mwaka, alikuwa mpole kweli walipomtoa, inawezekana hawakukudanganya. Kuhasiwa kunawasaidia wengi, homoni zinachukua wiki kadhaa kushuka kwahiyo usitegemee muujiza kesho yake. Ila inaweza pia kuwa maumivu. Kwahiyo daktari amkague kwanza, jino, sikio, kifua. Ukiona wekundu puani au machoni usiogope kwamba ni damu, ni majimaji yao tu yana rangi, lakini yakizidi ni dalili ya stresi au ugonjwa, mwambie daktari. Kwa sasa mtenganishe na ndugu yake usiku, keji mbili zikiwa karibu wanusane, hasa kama umeona kidonda kwa mwenzie. Na huo mkono ulioshonwa, ukipata homa au viungo kuuma hata baada ya wiki mbili tatu, rudi hospitali useme umeng'atwa na panya, kuna homa inayoambukizwa hivo na inatibika wakijua.

Kuhusu kumrudisha. Kituo kinachojali kinapokea bila kukusimanga, na wewe andika ukweli wote kwenye fomu, usimsaidie kwa kumfichia. Hapa kwetu kuna dume alirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza alitoka nyumba yenye watoto wanne na mbwa terria, mbwa waliozalishwa kwa kazi ya kuua panya, keji ikiwa sakafuni, mbwa anainusa mchana kutwa. Fomu ikaandikwa neno moja, "mkali". Basi na sisi tukalinakili hilo neno bila kuuliza mbwa alikuwa wapi, tukampa wapenzi wawili vijana wenye keji pembeni ya spika za tivii, akarudi baada ya siku tisa. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kurudishwa kule mara ya pili lilikuwa kosa letu. Wa tatu akaja mzee mmoja dereva wa basi mstaafu, mjane, nyumbani kwake redio hata mi niliyekaa kiti cha pili sikuisikia vizuri. Aliniuliza huyu hapendi nini, ndio swali lake la kwanza, watu wengine wote huuliza anapenda nini. Tukampa na mwenzie mmoja aliyehasiwa, mtulivu. Kila jioni mzee alifungua keji akakaa pembeni na gazeti, mkono mlangoni, hakumshika. Kijiko cha yogati, alambe, sio kipande cha kunyakua. Wiki ya tano alitupigia simu anaongea kwa kunong'ona, panya yuko ndani ya mkono wa sweta lake amelala anasaga meno taratibu, wanavyofanya wakiridhika, na yeye ameshindwa kuinuka kwenda chooni.

Kwahiyo wako, kama daktari akikuta ni homoni na una uwezo wa kumhasi, mimi ningempa miezi miwili kwako, mtoto akiwa mbali. Kama huwezi, au moyo umeshaogopa, mrudishe na ndugu yake wote wawili ikiwa bado wanapatana mchana, uandike hivi: haoni vizuri, hapendi mkono wa juu, hafai nyumba yenye mtoto, anapatana na mtu mmoja asiye na haraka. Maneno hayo manne yatamsaidia kuliko neno mpole na kuliko neno mkali. Nenda kwa daktari wiki hii, alafu niandikie amekuta nini.